Ng'ombe Ishirini Bila Gunia la Pumba

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliong'olewa kwenye tela la lori lililokufa, ukawekwa juu ya matofali mbele ya bucha. Upande wa kulia anakaa Bucha mwenyewe, aproni kiunoni, jicho moja kwetu na jingine kwenye mizani yake. Katikati anakaa Breki, aliyeendesha malori ya mifugo miaka thelathini na sasa anaendesha maneno. Mwisho wa benchi, pamoja na boksi langu la nyundo, misumari na uzi, nakaa mimi. Ni fundi viatu. Wananiita Gundi, na sijui kama ni kwa ajili ya kazi au kwa sababu nikishakaa sibanduki. Nafasi kati yangu na Breki ilikuwa ya Bwana Nyasi. Tulimzika miezi sita kabla ya Jumanne ninayoisimulia na hakuna aliyekuwa na moyo wa kusogea kuijaza. Kahawa siku hizi anatuuzia binti aliyerithi birika la shangazi yake. Wakati huo alikuwa na miezi mitatu tu hapa. Sura zetu alizijua, habari zetu bado.

Jumanne hiyo, kabla hata kikombe cha kwanza hakijapoa, akatokea kijana wa Bwana Nyasi. Kijana ni kusema tu, mtu mzima mwenye watoto wawili na kazi ya ofisini mjini. Suruali yake ilikuwa na matope mpaka magotini, na macho yalikuwa ya mtu asiyelala vizuri.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanetu, akajibu Bucha. Za shambani?

— Ndizo zilizonileta.

Alitafuta pa kukaa. Breki akajisogeza kidogo, akapiga ubao kwa kiganja. Kijana akakaa pale pale alipokuwa akikaa baba yake.

— Nauza ng'ombe, akasema. Wote. Alhamisi yanakuja malori mawili.

Bucha aliyekuwa akinoa kisu akakiweka chini.

— Wote? Hata wale wekundu?

— Hao wekundu ndio wote, baba mdogo. Nimeshindwa. Nimechukua likizo isiyo na mshahara ili niliendeshe shamba la baba. Nimeajiri wachungaji watatu. Nanunua pumba, nanunua mashudu, nimenunua na mashine ya kukatia majani. Daktari wa mifugo anakuja kila wiki, siku hizi anajua hata chumvi ilipo jikoni. Ng'ombe akifika sokoni, ameshajila mwenyewe kuanzia mkia mpaka pembe. Mimi narudi na kamba.

— Pole sana, nikamwambia.

— Baba aliwezaje? Ng'ombe ishirini, miaka yote hiyo. Sikumbuki kuona gunia la pumba likiingia getini. Alitusomesha wanne. Nyinyi mlikuwa naye kila siku, aliwaambia mengi. Niambieni alikuwa anafanyaje. Nikipata la maana kabla ya Alhamisi, wenye malori nitawaomba radhi warudi zao.

Akatoa kijitabu na kalamu. Hapo ndipo tulipoharibika. Mtu hajawahi kuja kijiweni kwetu na kalamu.

Breki akakohoa.

— Mwanangu, wahenga wali—

— Faini! akapiga kelele Bucha.

Hii ni sheria ya benchi. Anayeleta methali ananunulia wote kahawa. Aliitunga Bwana Nyasi mwenyewe, kwa sababu Breki zamani alikuwa anaweza kumaliza wiki nzima bila kusema neno lake mwenyewe.

— Sijaimaliza, akajitetea Breki.

— Basi usiimalize. Sikiliza, mwanetu, akasema Bucha. Andika: chumvi. Baba yako aliweka jiwe la chumvi kila kona ya malisho. Ng'ombe akilamba chumvi, anashikwa na kiu. Akishikwa na kiu, anakunywa maji. Maji yakijaa tumboni, nyasi zitakaa wapi? Kwa hiyo hali. Ukimlambisha vizuri, ng'ombe anaweza kwenda mwezi mzima kwa kiu tu.

Kijana akaandika "chumvi".

— Acha kumpotosha mtoto wa watu, akasema Breki. Siri ilikuwa mbegu, na mbegu zilitoka kwangu. Mwaka mmoja nilipeleka mzigo mbali, nchi ya tatu huko, nikarudi na matope ya kule kwenye tairi. Bwana Nyasi akanibembeleza nioshee lori kwake. Nikaosha. Baada ya mvua zikaota nyasi ambazo ukizikata asubuhi, jioni unazikuta kiunoni. Malisho yote ya baba yako, mwanangu, ni tairi zangu.

— Tairi zako zilikuwa na kipara kuliko wewe, akasema Bucha. Zingeshika mbegu gani?

— Wewe ulikuwepo?

— Sikuwepo, lakini mimi nimewapasua hao ng'ombe. Nyie hamjui nilichokikuta. Akainama kama mtu anayetoa siri ya serikali. Ng'ombe wa kawaida ana matumbo manne. Wa Bwana Nyasi wana matano.

— Matano!

— La tano dogo, limejificha nyuma. Akila leo, kesho analirudia hilo. Ni akiba.

— Na mbona hukuwahi kutuambia?

— Mngemharibia biashara.

Nami, kusema kweli, sikutaka kuachwa nyuma.

— Mnahangaika bure, nikasema. Siri ni rangi. Kwa nini alifuga wekundu tu? Ngozi nyekundu inakusanya jua. Jua linampasha ng'ombe mpaka ndani, na kile alichokula kinaiva haraka. Nusu ya kazi ya tumbo inafanywa na ngozi.

— Kwa hiyo mweusi angeishi bila kula kabisa? akauliza Breki.

— Mweusi angeungua.

Binti wa kahawa akageuka upande wa pili, mabega yakimtikisika. Kijana alikuwa ameacha kuandika tangu kwenye tumbo la tano. Alishika kikombe kwa mikono miwili, hivyo hivyo alivyokuwa akikishika baba yake, na Breki alipoona hivyo sauti ikamshuka.

— Unajua, akasema polepole, baba yako alikuwa akija hapa na unyasi mmoja pembeni mwa mdomo. Akikaa anauchomoa, anauweka juu ya goti, anakunywa kahawa, akimaliza anaurudisha. Siku moja nikamwambia, bwana we, na wewe unacheua? Alicheka mpaka akamwaga kahawa.

— Na lile neno lake, nikasema.

— "Mimi sifugi ng'ombe," akamwigiza Bucha, kwa sauti ile nzito ya marehemu. "Nafuga nyasi. Ng'ombe wananisaidia kuvuna."

Tukacheka. Mteja alikuja akataka nusu kilo, Bucha akamkatia bila kumwangalia usoni, akarudi kukaa.

— Lakini hakuanza hivyo, akaendelea Breki. Wewe ulikuwa mdogo, hujui. Zamani alikuwa na ng'ombe thelathini na nne. Akaja mtu wa mauzo, tai shingoni, viatu vinang'aa—

— Nilimpigia rangi mimi viatu vile, nikasema.

— Akamwambia bwana huyo, ng'ombe wa kisasa hali nyasi, anakula chakula. Akamuuzia magunia, akamuuzia mashine, akamuuzia dume la kigeni lililokuwa likihema kama mzee anayepanda ngazi. Mimi ndiye niliyekuwa napeleka magunia, safari tatu kila mwezi. Wenzangu wote wakimsifu. Ng'ombe wakanenepa, kweli wakanenepa, mpaka kiangazi kile kirefu kilipokuja. Soko likaanguka. Magunia yakapanda bei. Lile dume likalala siku moja halikuamka. Ndipo alipokuja hapa asubuhi, akakaa hapo ulipokaa, akaagiza kahawa asiinywe.

— Nakumbuka, akasema Bucha. Alisema, "Napunguza."

— Neno hilo tu. Wiki ile nikaenda na lori kubeba kumi na wanne. Mimi nilidhani atauza waliokonda abaki na wazuri. Wapi! Aliuza majike yote yaliyokaa miaka miwili bila kuzaa, hata yule mwenye uso mweupe ambaye watu walikuwa wakisimamisha baiskeli kumtazama. Mashine akamuuzia mwenye nyumba ya kulala wageni, sijui aliikatia nini. Na tangu siku hiyo hakununua gunia tena. Tulimcheka. Ndipo tukamwita Bwana Nyasi, jina la kejeli kabisa. Mwaka wa pili tukaacha kucheka, jina likabaki.

Kijana alikuwa anasikiliza kama mtu anayetazama picha ya baba yake akiwa mdogo.

— Hakuniambia kamwe, akasema. Na mimi nimenunua mashine ile ile.

Binti wa kahawa alikuwa ameinama anatujazia vikombe. Akamaliza cha kwangu, akasimama na birika mkononi.

— Samahani wazee. Huyo marehemu alikuwa anakuja hapa saa ngapi?

— Saa mbili, akajibu Bucha. Ungeweza kurekebisha saa kwa kumwona yeye.

— Na kuondoka?

— Adhuhuri.

— Siku zote?

— Siku zote, binti yangu, akasema Breki kwa fahari. Jua, mvua, hata siku aliyoumwa jino. Miaka ishirini!

— Sasa ng'ombe walikuwa na nani?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza sukari iko wapi. Breki akafungua mdomo. Bucha akautazama ukuta wa bucha yake kana kwamba jibu limebandikwa pale. Mimi nikachukua nyundo, nikairudisha kwenye boksi.

— Alikuwa na mchungaji, akasema Breki hatimaye.

— Baba hakuwahi kuajiri mchungaji, akasema kijana.

Breki akavua kofia, akajikuna kichwa.

— Siku ile ya lori, akasema, na sasa hakuwa anatusimulia sisi, alikuwa anajiambia mwenyewe. Siku ile baba yako alikuwa upande wangu, amejishikia mlango wa lori. Aliyekuwa getini na fimbo ni shemeji yetu, mama yako. Anamgusa ng'ombe mgongoni: huyu, huyu, huyu abaki. Yule mwenye uso mweupe alipofika, baba yako alitaka kusema kitu. Shemeji akamwangalia tu. Mimi nilidhani anasaidia kuhesabu.

— Kila mwaka nilikuwa napata ujumbe, akasema Bucha. Kabla kiangazi hakijashika. "Njoo chukua madume sasa wamenona, ukisubiri watayeyuka." Nikienda, anayenifungulia zizi ni shemeji. Najiambia, mwenzangu huyu mvivu, amelala ndani. Kumbe yuko hapa! Yuko hapa kwenye benchi langu anakunywa kahawa!

Zamu yangu ilikuwa imefika, na nilikuwa naiogopa, kwa sababu mimi ndiye niliyepaswa kujua kuliko wote.

— Gambuti za shemeji alikuwa akiniletea marehemu, naziziba mara nne kwa mwaka, nikasema. Kisigino cha kushoto kinaisha upande. Huo ni mguu wa mtu anayeshuka mteremko mmoja kila siku, bila kukosa. Viatu vya baba yako nimevitia soli mara moja tu katika miaka ishirini.

Kijana akaweka kikombe chini.

— Tulipokuwa wadogo, akasema, tukiamka mama hayupo. Chai iko kwenye chupa, yeye hayupo. Baba ndiye anayetuvalisha, anatupeleka shule, halafu anakuja huku. Tulijua mama yuko kwa ng'ombe. Tulijua! Lakini baba ndiye aliyekuwa anasema "ng'ombe wangu," na sisi tukasema ng'ombe wa baba.

— Yuko wapi sasa? akauliza binti.

— Mjini, kwangu. Tulimchukua baada ya msiba akapumzike. Ghorofa ya tatu. Mke wangu anasema anaamka alfajiri anakaa dirishani, na kila siku anauliza kama huku mvua imenyesha. Tunamwambia, mama, usijisumbue na mvua, hapa maji ni ya bomba.

Kijana akatoa simu, akapiga, akaiweka katikati ya benchi na kuongeza sauti. Ikaita mara moja tu.

— Mvua imenyesha? ikasema sauti ya mama.

— Ilinyesha Jumapili, mama. Shikamoo. Niko kijiweni, kwa wazee wa baba.

— Marahaba. Kumbe bado wamekaa? Wasalimie.

— Tupo, shemeji, tukaitikia wote watatu kama watoto wa shule.

— Mama, nataka kukuuliza habari za ng'ombe.

Breki akainama kuangalia kama simu imekatika.

— Miezi sita, akasema mama. Haya. Dume liko wapi?

— Lipo na majike.

— Tangu lini?

— Tangu... siku zote.

— Yaani ndama wazaliwe kiangazi, mama zao hawana maziwa, ndipo ununue magunia. Dume hutolewa, mwanangu, linarudishwa kwa mwezi wake, ili ndama ashuke nyasi zikiwa changa. Na ile miiba niliyopanga kugawa malisho mafungu manne, ipo?

Kijana akafumba macho.

— Niliitoa, mama. Ilikuwa inawazuia ng'ombe.

— Ilikuwa inawazuia, akarudia mama, taratibu. Ndiyo kazi yake. Wanakula fungu moja, matatu yanapumua. Na kule bondeni hawaingii kabisa mpaka kiangazi. Kule ndiko ghala lao, limesimama lenyewe, halina mlango. Nyasi za bondeni sasa zimefika wapi? Kifundo cha mguu, au goti?

Kijana akanitazama. Nikamtazama Breki. Breki akaonyesha kwa mkono kimo cha ugoko, akapandisha kidogo, akashusha, halafu akauficha mkono mfukoni. Kutoka pale tulipokaa mpaka bondeni ni mwendo wa kuvuta sigara moja. Miaka ishirini tumezungumza habari za nyasi zile, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amezikanyaga.

— Hamjui, akasema mama. Hakuwa na hasira; ndiyo iliyotuuma zaidi. Basi usilale huko leo. Njoo unichukue.

Alhamisi malori yalifika mawili. Moja liliondoka tupu, dereva amenuna. Jingine liliondoka na ng'ombe saba, majike yasiyozaa na madume waliokomaa, na aliyesimama getini na fimbo alikuwa shemeji. Safari hii tulikuwepo. Tulisimama pembeni, kofia mkononi, tukaambiwa tusiwatishe ng'ombe. Mashine ile ilipata mnunuzi. Wachungaji wawili walirudi makwao na wa tatu akabaki, maana mteremko ule haumwonei huruma mtu wa umri wa shemeji. Kijana alirudi ofisini kwake mvua zilipokwisha, lakini kila mwisho wa wiki anakuja, na visigino vyake vimeanza kuliwa upande.

Shemeji mwenyewe hakuwahi kufika kijiweni mpaka majuzi, alipokuja kuchukua gambuti zake. Nilikuwa nimezimaliza tangu juzi yake. Alisimama mbele ya benchi, akalitazama kutoka mwisho mpaka mwisho, kama anavyotazama zizi.

— Kaa, shemeji, akasema Bucha, akifuta ubao kwa aproni. Kunywa kahawa.

— Sikai. Nimewaacha wako fungu la pili. Akageuza gambuti moja kuangalia kiraka changu. Marehemu alikuwa akiwaambia nini habari zangu?

Nilijua swali hilo litakuja siku moja, na kwa kweli nililipekua kichwani mwangu mapema, nikakuta sina kitu. Bucha naye alikuwa anachunguza kucha zake. Breki ndiye aliyejitosa.

— Shemeji, hakuwa anakutaja. Nisikudanganye. Lakini kila asubuhi, kabla hajakaa vizuri, alianza hivi: "Nyumbani wamesema." Nyumbani wamesema mvua itachelewa. Nyumbani wamesema huyu auzwe. Nyumbani wamesema msinunue mwezi huu. Sisi tukadhani ndiyo namna yake ya kuongea.

Shemeji akashika gambuti kifuani. Akaanza kucheka, cheko la chini chini, likaendelea mpaka akajifuta macho kwa mkono wa sweta.

— Kwangu alikuwa akifika mchana, akasema, hajavua hata kofia, anaanza: "Kijiweni wamesema."

— Tulisema nini? akauliza Bucha kwa shauku.

— Ujinga mtupu.

Akampa binti pesa ya kahawa ambayo hakuinywa, akaanza kuondoka, kisha akageuka.

— Ujinga mtupu, akasema tena. Lakini mchana wangu haukuwa unaanza mpaka niusikie.